Gitaa Linapobeba Kazi ya Kinanda

Mji wa Voi umeketi juu ya njia kuu ya reli na barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi, na kwa sababu hiyo muziki uliopanda kutoka pwani na ule ulioshuka kutoka bara umepita hapo na kuacha wapenzi wake. Bendi inayoalikwa kupiga arusini Voi, Mwatate au Wundanyi, au kuwatumbuiza wageni waliokuja kutazama wanyama wa Tsavo, yaweza kutakiwa katika usiku mmoja kupiga zilizopendwa, rumba ya Kongo, rege ya Jamaika na nyimbo za Ulaya na Marekani za miaka ya 1980. Baadhi ya nyimbo hizo zimejengwa juu ya kinanda cha umeme, ilhali bendi ndogo aghalabu huwa na magitaa, bezi na ngoma tu. Na hapo mzigo wa kinanda humwangukia mpiga gitaa.

Vijana wengi, wakabiliwapo na mzigo huo, hufikiri kwamba dawa yake iko dukani, katika pedali za kugeuza sauti. Rai yangu ni kwamba dawa ya kwanza imo katika sikio na ya pili imo katika vidole, na kwamba pedali, ijapokuwa ina faida kubwa, hustahili kuja nyuma ya hizo mbili. Kabla ya kugusa uzi wowote, mpigaji na ajiulize kinanda kina kazi gani katika wimbo ule: je, kinashikilia sauti ndefu chini ya mwimbaji, kinajaza mdundo, au kinaimba chenyewe? Kila kazi ina njia yake.

Ustadi wa namna hii si mgeni katika nchi zetu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka wa 1952, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likienda na nyuzi nene na shahada ikiimba juu yake, hata gitaa moja likatosheleza kazi ambayo mpiga kinanda huigawa baina ya mikono miwili. Taita nayo ilimtoa Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka wa 1938, ambaye karibu na mwaka wa 1960 alirekodi “Malaika” pamoja na bendi yake ya Jambo Boys. Kwa hiyo kijana wa Voi anayeshika gitaa ana urithi wa karibu wa kuutegemea.

Tuanze na kazi ya kushikilia. Uzi wa gitaa ukishapigwa huanza kufa papo hapo, nao mwanzo wake una mlio mkali. Kinanda cha namna ya ogani, kinyume chake, hudumisha sauti maadamu kidole kimekaa juu ya kitufe. Ili kuuondoa ule ukali, mpigaji hufunga sauti ya gitaa kabisa, hupiga nyuzi, kisha huifungua taratibu kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, au kwa pedali ya mguu, hata msikilizaji asitambue uzi ulipigwa wakati gani. Mwangwi mrefu kidogo huziba pengo lililo baina ya kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, na ya pili. Aidha nyuzi zapasa kupigwa kwa vidole, kila noti na kidole chake, kwa kuwa kipande cha plastiki huzigusa moja baada ya moja, na mpiga kinanda huzibonyeza zote pamoja.

Taabu ya pili ni umbo la kodi. Mkono wa mpiga kinanda hufika kwa wepesi mahali ambapo mkono wa mpiga gitaa hauwezi. Chukua noti nne, B, C, E na G, zilizokaribiana kama hivyo ndani ya oktavu moja: juu ya kinanda zote zimo chini ya kiganja kimoja, lakini katika nyuzi nne nyembamba za gitaa humlazimu mtu kutanua vidole kutoka kituo cha 9 cha uzi wa nne hadi kituo cha 3 cha uzi wa kwanza, jambo lisilowezekana kwa mikono mingi. Basi twaa noti ya pili kutoka juu, yaani E, uishushe oktavu nzima. Sasa vidole vinakaa vituo vya 2, 4, 1 na 3, kuanzia uzi wa nne hadi wa kwanza, bila taabu yoyote, na ladha ya kodi imesalimika. Kanuni hii yafaa kwa kodi nyingine nyingi za noti nne. Fauka ya hayo, noti ya msingi aachiwe mpiga bezi, kwa maana kuirudia huzidisha uzito pasipo kuzidisha uzuri.

Kazi ya kujaza mdundo yaonekana bayana katika rege. Gitaa la rege hukata kodi fupi nje ya pigo kuu. Mkono wa kulia wa mpiga ogani hugonga pamoja nalo, na mkono wa kushoto hujaza nafasi ndogo zilizo kabla na baada ya mkato huo, na kuufanya wimbo uchemke. Mwenye gitaa moja tu na akate kodi yake juu ya nyuzi nyembamba, kisha gumba liguse nyuzi za kati kabla na baada, kwa sauti ya chini sana, huku mkono wa kushoto ukilegea ili noti zisirefuke. Siri yote imo katika tafauti ya nguvu: mkato usikike, na kijazo kihisiwe tu.

Ama kazi ya kuimba, hapo uchaguzi ndio hekima. Katika “Africa”, wimbo wa bendi ya Toto ya Marekani uliotoka mwaka wa 1982, kinanda cha Yamaha CS-80 hupiga kodi nene zenye sauti kama ya tarumbeta, na kinanda kingine huiga sauti ya kalimba, chombo cha Kiafrika. Mpiga gitaa asijaribu kuzibeba noti zote. Sikio hukamata noti ya juu; basi ashike hiyo pamoja na moja au mbili zilizo chini yake, azingatie nyakati za kila kodi, na msikilizaji atautambua wimbo. Na ile sehemu ya kalimba hupendeza ikipigwa kwa nyuzi zilizozibwa kidogo na kiganja karibu na daraja la gitaa.

Baada ya hayo, vyombo vina mahali pake. Kompresa hurefusha mkia wa noti. Pedali ya korasi, au ile inayoiga spika ya kuzunguka ya Don Leslie, iliyotumiwa sana na ogani za Hammond, hulipa gitaa mtikisiko ule unaojulikana makanisani na katika rege. Tangu mwaka wa 1977 kampuni ya Roland imeuza magitaa yanayoendesha sinthesaiza, na siku hizi ziko pedali zinazotoa sauti ya ogani moja kwa moja. Lakini pedali iliyopewa kodi iliyopangwa vibaya huitoa kodi ile ile mbaya kwa sauti ya ogani.

Nasaha yangu kwa vijana wa bendi za Taita Taveta ni hii: chagueni wimbo mmoja wenye kinanda, msikilizeni mpiga kinanda peke yake hata mjue kazi yake, kisha fanyeni zoezi la kufungua sauti taratibu na la kushusha noti ya pili kutoka juu, kwa gitaa tupu lisilo na pedali. Likisikika vema katika hali hiyo, ndipo fedha ya pedali itakapokuwa imetumika kwa haki.