Si kila "alcohol" ni ulevi: tujue tunachojipaka



Binti mmoja wa madrasa yetu alikataa kuswali mpaka aoshe nywele. Mama yake humtengenezea mafuta kwa kuchanganya mafuta ya nazi na krimu ya dukani, na binti alisoma neno "alcohol" kwenye kopo la krimu. Mama alihuzunika, akidhani ameziharibu Swala za mwanawe. Tukaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili.

Allah Ameharamisha ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90. Lakini katika kemia, alkoholi ni jina la ukoo mzima, na si wote katika ukoo huo wanaolevya. Hata gliserini tunayojipaka midomoni imo.

Kwanza, zipo alkoholi za mafuta. Kopo huandikwa "cetyl", "stearyl" au "cetearyl alcohol". Ni kama nta nyeupe, hazilevyi, na kazi yake ni kushikanisha maji na mafuta yasiachane. Nyingi hutokana na mawese au nazi. Kopo la mama yule lilikuwa na hii.

Pili, ipo ethanoli, nayo ndiyo iliyomo katika pombe. Huandikwa "ethanol", "alcohol denat." au "alcohol" peke yake. Imo katika manukato mengi ya kupuliza, na mara nyingi katika vanila ya keki ambayo baadhi yetu huitia kwenye mafuta ili yanukie. Hapa wanachuoni wamekhitalifiana: wako wanaosema ni najisi, na wako wanaojuzisha kujipaka ile isiyotokana na zabibu wala tende. Kuinywa ni haramu.

Tatu, spiriti ya kusafishia vidonda, iwe ethanoli iliyotiwa sumu au isopropili. Hukausha ngozi, hushika moto upesi, na ikinywewa inaweza kuua. Isichanganywe karibu na jiko wala isiachwe mbele ya watoto.

Anayetaka kuepukana na shaka, aloweke karafuu kavu au asumini iliyonyauka katika mafuta ya nazi, kisha achuje. Yatanukia bila ya spiriti.

Basi ndugu zetu, tusome jina lote, si neno moja. Likitutatiza, tulipeleke kopo kwa mwalimu kabla ya kulimwaga na kabla ya kumhuzunisha mzazi.

Wallahu aalam.