Picha za Mistari katika Tovuti, na Jinsi ya Kuzifanya Zionekane Sawa katika Kila Kivinjari

Chama kinapofungua tovuti yake, kitu cha kwanza kinachowekwa kichwani mwa ukurasa ni nembo. Mara nyingi nembo hiyo huwa imepigwa picha kwa simu kutoka katika karatasi ya barua, ikapunguzwa ili ienee, kisha ikapachikwa. Katika simu ya katibu yaonekana vizuri. Mwanachama akiifungua katika kompyuta yenye kioo kikubwa huona kingo zilizotafunwa kama kwa panya, na jina la chama halisomeki. Baadaye mchapaji wa magunia huombwa aitumie picha hiyo hiyo, naye hujibu kwamba haifai. Hapo fundi hulipwa mara ya pili ili achore upya kitu ambacho chama kilikuwa nacho tangu zamani. Fedha hizo ni za wanachama, na gharama hiyo yaweza kuepukwa iwapo makatibu watafahamu tofauti iliyopo baina ya picha na picha.

Picha za kompyuta ni za namna mbili. Ya kwanza ni picha ya nukta, nayo ni kama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi: ukitazamwa kwa mbali waonyesha ua, ukisogelewa huonekana miyaa tu. Picha yenye nukta 1,000 kwa upana na nukta 1,000 kwa urefu ina nukta 1,000,000. Kila nukta yahitaji namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, hivyo kompyuta hushika namba 3,000,000 kabla picha haijabanwa. Ikikuzwa mara nne, kompyuta haina habari nyingine ya kuongeza. Hutanua tu zile nukta ilizo nazo.

Namna ya pili ni picha ya mistari, ambayo mafundi huiita vekta. Picha hii haihifadhi nukta bali maagizo: chora duara, kitovu chake kiwe mahali fulani, nusu kipenyo chake kiwe kiasi fulani, lijazwe rangi ya kijani. Kila inapotakiwa, kompyuta huyafuata maagizo hayo upya kwa ukubwa ulioombwa, iwe ni katika kioo cha simu au katika bango la mkutano mkuu. Wazo hili si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu iitwayo Sketchpad ambayo kwayo mtu aliweza kuchora mistari na maduara moja kwa moja katika kioo cha kompyuta. Mistari iliyopinda ilipata hesabu yake katika viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta jinsi ya kueleza mpindo wa bodi ya gari kwa nukta chache. Mpindo unaotumiwa zaidi leo hushikwa na nukta nne: mbili ni za mwanzo na mwisho, na mbili za kati huuvuta mstari bila huo mstari kulazimika kuzipitia.

Katika tovuti, picha ya mistari huandikwa kwa lugha iitwayo SVG. Nayo ni maandishi matupu, ambayo katibu aweza kuyafungua na kuyasoma kwa programu yoyote ya kuandikia. Huu hapa mchoro mzima wa duara la kijani:

<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 100 100"><circle cx="50" cy="50" r="40" fill="green"/></svg>

Ni herufi zisizofika 150. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza kwa kuwa kiwango ndivyo kilivyoyaweka, nayo hayabadilishwi. Neno "circle" ni duara. "Cx" na "cy" ni mahali pa kitovu. "R" ni nusu kipenyo. Neno "viewBox" ndilo la kuangaliwa zaidi. Hilo huweka sanduku la kuchoria, hapa la vipimo 100 kwa 100, na vipimo hivyo si sentimita wala si nukta za kioo. Ni vipimo vya mchoraji mwenyewe, ambavyo kivinjari huvilinganisha na nafasi iliyopo. Neno hilo likisahauliwa, mchoro hautanuki wala haupungui ipasavyo. Hukatwa ukingoni kama kitambaa kisichotosha, na mara nyingi lawama hutupiwa simu ya mwanachama bure.

Pana jambo moja linalowatatiza wengi waliosoma hesabu shuleni. Katika daftari la hesabu, namba za kusimama huanzia chini na kupanda juu. Katika SVG huanzia pembe ya juu kushoto na kuteremka. Mathalani chama kinataka kuonyesha bei ya zao kwa nguzo, na kila kipimo kimoja cha sanduku kisimame badala ya shilingi 10. Bei ya shilingi 800 itakuwa nguzo yenye urefu wa 80, lakini ni lazima ianze kuchorwa kwenye namba 20 kutoka juu ili ifike chini kabisa. Bei ya shilingi 600 itakuwa na urefu wa 60 na kuanza kwenye 40. Karani akizianzisha zote kwenye sifuri, nguzo zitaning'inia darini kama popo.

Yafaa sasa kueleza kwa nini jambo lililo rahisi kiasi hiki liliwasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1998 shirika la W3C, lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994 ili kusimamia viwango vya tovuti, lilipokea mapendekezo kadhaa ya lugha ya kuchorea. Adobe, IBM, Netscape na Sun walileta lao, lililoitwa PGML. Microsoft na wenzake, wakiwamo Macromedia na Autodesk, walileta VML. Shirika halikulichukua hata moja kama lilivyo, bali liliunda kamati iliyotunga lugha mpya, nayo ndiyo SVG, iliyopitishwa rasmi tarehe 4 Septemba 2001. Lakini Microsoft ilikwisha kuitia VML katika kivinjari chake cha Internet Explorer tangu toleo la 5 la mwaka 1999, na kivinjari hicho ndicho kilichokuwa mikononi mwa watu wengi mno. Kikaendelea na VML, wala hakikuijua SVG.

Anayekumbuka siku ambazo mnunuzi mmoja alipima kwa ratili na mwingine kwa kilo ataelewa hali iliyofuata. Mchoro mmoja ulipaswa kuandikwa mara mbili. Firefox iliisoma SVG yenyewe tangu toleo la 1.5 la mwaka 2005, na vivinjari vya Opera na Safari vikaingia njia hiyo hiyo. Internet Explorer ikabaki na yake. Wala tofauti haikuwa ya majina tu. SVG hutaja duara kwa kitovu na nusu kipenyo, ilhali VML ilitaja sanduku linalolizunguka. SVG hukubali namba zenye desimali katika njia ya mstari, ilhali VML ilitaka namba nzima, hata mafundi wakalazimika kuzizidisha namba zao kwa maelfu ili mipindo isivunjike. Adobe ilitoa kiongezo cha kuiwezesha Internet Explorer kusoma SVG, lakini kila mtumiaji alipaswa kukitafuta na kukiweka mwenyewe, na msaada wake ulikoma mwanzoni mwa 2009.

Suluhisho lililotumika sana lilitoka kwa fundi Dmitry Baranovskiy, aliyetoa mwaka 2008 maktaba ya programu iitwayo Raphaël. Mwandishi wa ukurasa aliandika agizo moja tu, "chora duara", na maktaba hiyo iliuliza kwanza: kivinjari hiki chaijua SVG? Kikijua, ilitoa SVG. Kisipojua, ilitoa VML. Ilikuwa kazi ya mkalimani, na ilifanywa vizuri. Ikumbukwe kwamba mkalimani huyo hakumaliza ugomvi. Aliwapunguzia watu adha mpaka wakubwa walipopatana. Internet Explorer ilianza kusoma SVG katika toleo la 9 la Machi 2011, na katika toleo la 10, mwaka 2012, VML iliondolewa kwa kurasa zinazofuata kiwango. Waliokuwa wamechora kwa VML peke yake wakaona kurasa zao zikiwa tupu.

Mambo kama hayo yaliwapata waliotegemea Flash, ambayo kwa miaka mingi ilichora vizuri kuliko zote. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na tangu tarehe 12 Januari 2021 ikazuia michoro yake isifunguke. Waliohifadhi chati na ramani zao humo bila nakala nyingine walipoteza kazi ya miaka. Hakuna aliyewaibia. Walikuwa wameweka mali katika ghala ambalo ufunguo wake u mkononi mwa mwenye kampuni.

Leo Chrome, Firefox, Safari na Edge zote huisoma SVG bila kiongezo chochote, na Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa mwezi Juni 2022. Hata hivyo "kusoma" si neno moja kwa wote, na hapa ndipo chama kinapopaswa kuamua mchoro utengenezwe wapi. Nembo huchorwa mara moja kwa mkono, kwa programu kama Inkscape, ambayo hupatikana bure. Chati ya bei ni kitu kingine, kwa kuwa hubadilika kila wiki, na ni upuuzi kumlipa mtu aichore kila Jumatatu. Inafaa izalishwe na programu kutokana na daftari la bei.

Programu hiyo yaweza kufanya kazi mahali pawili. Yaweza kukaa ndani ya ukurasa na kuchorea katika simu ya msomaji, kama ifanyavyo maktaba ya D3 iliyotolewa mwaka 2011. Njia hii ni nzuri pale msomaji anapotaka kugusa nguzo na kuona maelezo zaidi. Fundi anayeifuata akumbuke kuunda kila sehemu ya mchoro kwa agizo la createElementNS pamoja na anwani ile ya SVG iliyoonyeshwa juu; akitumia createElement ya kawaida, sehemu itakuwamo katika ukurasa lakini haitachorwa, wala hakuna kosa litakalotajwa. Njia ya pili ni kuizalisha chati katika seva na kuipeleka ikiwa imekamilika. Kwa vyama vingi hiyo ya pili ndiyo bora. Wapo wanachama wanaotumia Opera Mini ili kuokoa fedha za bando, na kivinjari hicho, kinapobana kurasa kwa nguvu zote, huruhusu programu za ndani ya ukurasa kwa kiasi kidogo tu. Chati iliyotoka seva itaonekana. Ile iliyongoja kuchorwa katika simu huenda isitokee. Mwanachama asiyeiona bei ya wiki amenyimwa habari ileile aliyochangia kuigharamia.

Makosa mengine ni madogo lakini huchosha. Faili inayosimama peke yake pasi na ile anwani ya "xmlns" haichorwi kama picha, ijapokuwa maandishi hayohayo yakiwekwa ndani ya ukurasa huchorwa bila taabu. Alama moja isiyofungwa yatosha kuuharibu mchoro. Seva nayo ni lazima iitambulishe faili kwa jina la image/svg+xml. Herufi za nembo zigeuzwe kuwa mistari kabla faili haijakabidhiwa, kwa sababu simu isiyo na mwandiko uliotumika itaweka mwandiko wake, na jina la chama litabadilika sura. Zaidi ya hayo, faili ya SVG yaweza kubeba programu ndani yake. Iliyotoka kwa mtu asiyejulikana iwekwe kama picha tu, ambapo vivinjari huzuia programu hiyo isifanye kazi, na isipachikwe wazi katika ukurasa.

Picha za mkutano na sura za viongozi zibaki kuwa picha za nukta. Zipo programu zinazodai kugeuza picha ya kamera kuwa mistari, na kweli hugeuza, lakini hutoa maelfu ya vipande vya rangi, na faili huweza kuzidi ile ya mwanzo kwa uzito.

Liko jambo la mwisho ambalo mhazini alitazame kabla ya kutia sahihi hati ya malipo. Fundi asiye mwaminifu, au asiyejua, aweza kuchukua picha ileile ya simu, akaizungushia maandishi machache ya SVG, na kuikabidhi kwa jina linaloishia ".svg". Kwa jina ni picha ya mistari, kwa ndani ni nukta. Katibu aifungue faili kwa programu ya kuandikia. Akikuta maneno kama "path", "circle" na "rect" yakifuatana na namba, kazi imefanywa. Akikuta neno "image", kisha "base64", kisha mnyororo wa herufi zisizo na maana unaojaza ukurasa baada ya ukurasa, airudishe na malipo yasitishwe. Faili iliyokubaliwa itunzwe na chama katika nakala mbili, moja ofisini na moja mahali pengine, wala isiachwe katika kompyuta ya fundi.