Kanuni za Shule na Aliyetoka Shuleni

Mwanafunzi hufuata kanuni za shule. Huvaa sare. Huwahi kengele. Akikosa, mwalimu humwadhibu.

Je, akimaliza shule, kanuni hizo bado zinamfunga? Hapana. Yeye si mwanafunzi tena. Mwalimu hana ruhusa ya kumwadhibu. Lakini sheria za nchi zinamfunga. Akiiba iliki ya jirani, shauri lake si la mwalimu. Ni la polisi na mahakama.

Wako pia walioacha shule kabla ya kumaliza. Zamani msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, wala hakurudi. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana hao wanaweza kurudi baada ya kujifungua. Mimba ile si sababu tena ya kuwazuia. Msichana akirudi, anakuwa mwanafunzi tena, na kanuni za shule zinamhusu kama wenzake.

Kama una binti wa namna hii nyumbani, usimfiche. Nenda naye kwa mwalimu mkuu mapema.

Maswali

1. Kanuni za shule humfunga nani?
2. Hapa kwetu Sigi, tuwasaidieje wasichana wanaotaka kurudi shule? Nani atalea mtoto wakati mama yumo darasani?