Wavu wa Hariri kwenye Makutano ya Lomami

"Mama, hii wavu ni ya kukamata samaki gani?"

Aliyeuliza ni mzee mvuvi, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni Isangi, wavu wake wa nailoni umemjaa mapajani. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, chini ya mwembe, na sindano mbili za mianzi na donge la uzi wa hariri mwembamba kama unywele. Nilikuwa nafuma mtandio. Kila nikiunyoosha kuutazama, jua lilipenya kwenye matundu yake, na kivuli kilichoanguka mchangani kilikuwa kweli kivuli cha wavu.

Isangi ipo pale mto Lomami unapoingia mto Kongo, kilomita kama 125 chini ya Kisangani ukifuata maji. Nilishuka na balenieri, ile mashua ndefu ya mbao inayobeba watu, mihogo, magunia ya mkaa na mbuzi kwa pamoja, na mtandio niliuanzia humo, mgongo umeegemea gunia. Gatini lugha inayosikika zaidi ni Lingala, na nyumbani watu wana lugha zao, Kilokele, Kiturumbu, Kitopoke. Lakini yule mzee mvuvi, Papa, aliposikia namsalimu kwa Kiswahili, alinijibu kwa Kiswahili cha Kisangani bila kusita. Lugha hii ilishuka mto na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na mwaka 1887 mmoja wao, Tippu Tip, akafanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Misafara ile ilileta merikani na kaniki, ikaondoka na pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Siwezi kuitaja nguo huku bila kulikumbuka hilo.

Ilikuwa Februari, kiangazi, kama neno hilo linafaa mahali ambapo mvua haikatiki kabisa. Yangambi, iliyo ndani ya teritwari hiyo hiyo ya Isangi, ndiko Wabelgiji walikoanzisha mwaka 1933 taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, ambayo leo ni INERA. Hali ya hewa imepimwa huko kwa miongo mingi: mvua ya milimita 1,800 hivi kwa mwaka, na wastani wa joto nyuzi 25 karibu mwezi hadi mwezi. Hewa ina maji. Nguo uliyofua asubuhi, jioni bado ina ubichi kwenye mapindo.

Basi kwa nini kufuma? Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na najua swali linatoka wapi. Ufumaji wa sindano mbili tuliupokea pamoja na sweta na soksi. Katika miaka ya 1940 na 1950, kwenye vituo vya wanawake walivyoviita foyer social, wake za wafanyakazi wa mijini walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kupiga pasi kwa kadiri ya nyumba ya Kibelgiji. Nyuma ya masomo hayo palikuwa na fikra kwamba mwanamke wa Kongo hajui kutunza nyumba mpaka afundishwe. Fikra ile ilikuwa ya dharau, na imeondoka. Mikono ilibaki na sindano, nayo sasa ina haki ya kufuma inachotaka, kwa hali ya hewa yake yenyewe.

Na kwa hali hii ya hewa, uzi ndio jambo la kwanza. Ulaya wanaposema uzi wa anasa, mara nyingi wanamaanisha kashmiri au moheri. Kashmiri ni manyoya laini ya ndani ambayo mbuzi huotesha ili apite majira ya baridi. Ulaini wake ni zawadi ya baridi. Ukiuleta Isangi ukaushika kwa mikono yenye jasho, unakuchoma shingo kabla hujamaliza safu kumi. Moheri ni mbaya zaidi, kwa sababu vinyweleo vyake hushikana, na ukikosea ni vigumu kufumua. Sufu ya kawaida ikipata jasho na msuguano hujikunja na kuwa nzito kama blanketi. Hariri haina tabia hizo. Inateleza, ndiyo, na kwa sababu hiyo sindano za chuma ziliniangushia vitanzi mpaka nikahamia mianzi. Inakaa baridi mkononi, haing'ang'anii ngozi. Madonge yangu mawili, niliyoletewa na binamu kutoka Ubelgiji, yalikuwa na gramu 50 kila moja, na kila moja lilibeba mita 400 za uzi. Gramu 100 tu, na unapata mtandio wa sentimita 180 kwa 40 ambao ukijitanda unausahau begani. Wanawake wa pwani wanaujua wepesi huo. Mtandio na kashida havikuwahi kuwa nguo za baridi.

Nilimjibu Papa kwamba huu haukamati samaki. Akaomba auone. Akaugeuza nyuma, mahali ambapo watu wengi hawatazami.

Wavu na mtandio wa matundu vinafanana kwa macho, lakini namna vinavyotengenezwa ni tofauti kabisa. Mvuvi hupitisha uzi juu ya kibao kidogo kinachopima ukubwa wa jicho, kisha hufunga fundo. Kila jicho limefungwa peke yake, na likikatika moja, mengine yanabaki. Mimi sina fundo hata moja. Nina vitanzi vinavyoshikana, kila kimoja kimetundikwa juu ya mwenzake, na kimoja kikiponyoka, kilicho chini yake kinafuata, mpaka mwanzo. Tundu langu huzaliwa kwa kuzungushia uzi kwenye sindano, na hapo kitanzi kimoja kimeongezeka. Papo hapo lazima nifume viwili pamoja, ili hesabu irudi. Nilikuwa na vitanzi 79: marudio sita ya 12, na saba vya kingo. Safu ikiisha na 78, kuna mahali nimesahau kuzungusha.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kuna jambo linalofanana na marudio hayo, nalo limeniganda tangu siku ile. Walokele ndio wenye ngoma inayosema, gogo lililochimbwa lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, alijifunza kuipiga na akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Lugha ya Kilokele ina toni, na ngoma hupeleka toni peke yake, bila konsonanti wala irabu. Maneno mengi hufanana kwa toni. Kwa hiyo mpigaji hatumi neno tupu. Analifungia sentensi nzima ya kulifafanua, ndefu, inayojirudia, hivi kwamba msikilizaji wa mbali akikosa mapigo mawili kwa ajili ya upepo, bado anaelewa.

Mtandio wa matundu nao una sauti mbili tu: tundu au kitanzi kilichoziba. Jani lililochorwa kwa matundu, peke yake, ni vigumu kulitambua. Likirudiwa mara sita kwa upana na makumi ya mara kwa urefu, jicho linalisoma bila kufundishwa, na kosa linapiga kelele.

Ndivyo Papa alivyoliona langu. Aliweka ukucha chini kidogo ya sindano, upande wa kushoto. "Hapa, imenyamaza." Nilihesabu. Safu ya 96, tundu moja halikuzaliwa, na safu ya 98 nikafuma viwili vilivyobaki kana kwamba kila kitu ni sawa. Hakuwahi kushika sindano za kufumia maishani mwake. Nilifumua mpaka safu ya 88, ambako nilikuwa nimepitisha uzi wa pamba katikati ya vitanzi vyote, ili nikifumua niwe na mahali pa kusimama. Huo uzi wa pamba alipouelewa, alitikisa kichwa kwa kuridhika zaidi kuliko alivyoridhika na hariri yenyewe.

Jioni tulizungumza juu ya nyuzi. Ni rahisi kudhani kwamba uzi wa thamani daima unatoka nje. Mwaka 1591 Filippo Pigafetta alichapisha Roma habari alizosimuliwa na Mreno Duarte Lopes kuhusu ufalme wa Kongo, na humo mnasifiwa nguo za nyuzi za mitende zilizofumwa kama mahameli. Wakuba wa Kasai bado wanajulikana duniani kwa rafia ya namna hiyo. Pamba ina kumbukumbu nyingine: kuanzia 1917 wakulima wa Kongo walilazimishwa kuilima, na wazee wengi hawaitaji kwa furaha. Na hariri? Viwavi wa jamii ya Anaphe husuka kiota kimoja cha hariri wakiwa kundi. Kwetu viwavi ni mboga, mbinzo, na soko la Kisangani linawajua vizuri. Magharibi mwa Kenya, kwenye msitu wa Kakamega, taasisi ya icipe imefanya kazi na wanakijiji kuvuna viota vya Anaphe. Uzi wake haufumuki mrefu kama wa kiwavi wa mforosadi. Viota huchemshwa, kisha nyuzi fupi husokotwa kama pamba. Ningependa siku moja kufuma mtandio wa hariri ya msitu. Natamani hivyo kwa moyo wote.

Niliumaliza wangu siku ya tano. Mtandio ukitoka kwenye sindano huwa kama kitambaa kilichokunjamana, hauna sura. Lazima uloweshwe na kunyooshwa. Pini sikuwa nazo. Mama mwenyeji wangu alichonga njiti za mianzi, akazilainisha kwa kisu, tukauwamba juu ya mkeka chini ya upenu, maana jua kali huififisha hariri na kuidhoofisha. Ulichukua usiku mmoja na asubuhi nzima kukauka. Majani yote yalikuwa yamefunguka, na lile la safu ya 96 halikutofautiana na mengine.

Nilimpa Mama. Jumapili alijitanda nao kwenda misa, akapita ufukweni kwa makusudi ili Papa auone. Upepo wa makutano ulivuma, ukapita katikati ya matundu, na mtandio ukabaki begani.