Injini Ikifika Dodoma

Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mbio za East African Safari kwa Peugeot 404, pembeni yake akiwa Chris Rothwell. Miaka 20 baadaye, 1987, Hannu Mikkola wa Finland akashinda Safari kwa Audi 200 quattro. Wapenzi wa magari hubishania magurudumu: Peugeot ilisukumwa na mawili ya nyuma, Audi na yote manne. Mimi natazama hewa.

Septemba 1648, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme, Ufaransa, na mrija wa zebaki, kwa ombi la shemeji yake Blaise Pascal. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Ikathibitika kwamba hewa ina uzito, na kwamba ukipanda inapungua. Périer alipanda mita 1,000 na kidogo tu. Basi la Dar es Salaam kwenda Dodoma hupanda kiasi hicho hicho, ila kwa kuwa safari inazidi kilomita 400, abiria hahisi kitu.

Injini inahisi. Petroli haiwaki bila oksijeni, na Dodoma kila silinda huvuta hewa iliyopungua kwa karibu asilimia 10. Nguvu nayo hupungua kiasi hicho. Kabureta iliyosetiwa pwani haijui hayo, inazidi kumwaga mafuta: moshi mweusi, plagi zenye masizi, tanki kuisha mapema. Peugeot ya Shankland ilipulizia mafuta kwa pampu, ikayapima vizuri zaidi, lakini hewa haikuongezeka. Ndiyo maana ushindi wake nauheshimu kuliko wa Mikkola: kila mwinuko ulimpunguzia nguvu, na hakuwa na cha kuirudisha.

Audi ilikuwa na turbo. Wazo hilo Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alilipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini uzungushe feni, nayo izungushe nyingine inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Kilichokuwa kinapotelea kwenye bomba la moshi kikawa dawa ya mwinuko. Leo turbo imo kwenye malori na mabasi ya dizeli yanayopanda Gairo, njiani kwenda Dodoma, na mizigo yao.

Mwenye gari la zamani la kabureta akihamia Dodoma, amwambie fundi apunguze mafuta yaendane na hewa ya huko. Nguvu ya pwani hataipata, lakini moshi mweusi utakoma.