Kipumulio Kinapoharibika Chini ya Maji

Aprili 2024, Mto Tana ulipofurika na kuikata barabara baina ya Garissa na Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka Kona Punda. Watu 23 wakaokolewa, na wengine wakafa maji. Msiba ule ulidhihirisha kwamba elimu ya kupiga mbizi si anasa ya wageni wenye yoti peke yao, bali yawahusu hata wakaazi wa Kaskazini Mashariki, ambao aghalabu hudhaniwa kuwa watu wa ngamia na nyika tu, ilhali mto wao huteremka mpaka Kipini, na Garissa kwa upande wa Ijara imepakana na Lamu, ambako vyombo hushika njia ya Kiwayu na Kiunga.

Kipumulio, yaani chombo cha kuvutia hewa walichokibuni Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan huko Ufaransa mwaka 1943, humpa mzamiaji hewa kwa kadiri ya shinikizo la maji linalomzunguka. Mtungi wa lita 12, ukishindiliwa hadi baa 200, huwa na hewa ya lita 2,400 hivi. Na mtu atumiaye lita 20 kwa dakika akiwa juu, akishuka mita 20 hutumia lita 60, hata mtungi ukaisha kwa dakika 40. Akitaharuki, akahema maradufu, muda huo hupungua kuwa dakika 20. Kwa hiyo utulivu ni akiba ya hewa, sawasawa na ile iliyomo mtungini.

Vipumulio vya siku hizi vimeundwa ili, vikiharibika, aghalabu vibubujike hewa badala ya kuziba. Hapo mzamiaji hukilegeza kipumulio midomoni, akaiacha ziada itoke pembeni, akavuta imtoshayo, na kumwashiria mwenzake kwamba safari imekwisha. Hewa ikikatika kabisa, hupitisha kiganja kooni, akapokea kipumulio cha akiba cha mwenziwe, kisha wakapanda pamoja wakiwa wameshikana, pasi na kuzidi mita 9 kwa dakika, wala kuzuia pumzi; maana hewa iliyojaa mapafuni kwenye kina cha mita 10 hutanuka maradufu ifikapo juu, na huweza kuyapasua. Hewa ikiwatosha, husimama dakika 3 katika mita 5.

Ndani ya yoti kuna hatari nyingine, kwa sababu mabaharia hujaza mitungi wenyewe kwa kompresa. Mdomo wa mpira wa kuvutia hewa ukiwekwa demani ya injini, moshi huingia mtungini pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo sumu yake huzidi nguvu kadiri mtu ashukavyo. Mdomo huo hauna budi kuwa goshini. Na maadamu chombo kilichotia nanga hugeuka kwa upepo na maji, nahodha aukague tena kila kinapogeuka. Asiondoke chomboni kila mtu, kwani mkondo wa milango ya visiwa huweza kumchukua mzamiaji mbali. Na kipumulio kinachovuja kikiwa bado sitahani, mbizi ivunjwe: tiba ya mapovu ya hewa katika damu, yampatayo mzamiaji apandaye kwa pupa, hutafutwa Mombasa, si Kiunga.

Katika Tana iliyojaa tope, ambako mzamiaji haioni hata geji yake, hesabu ya hewa humwangukia mwenziwe aliyesimama ukingoni ameshika kamba na saa, nao husemezana kwa mivuto waliyoagana kabla. Mambo haya hayasomwi siku ya gharika. Rai yangu ni kwamba kaunti za Garissa na Tana River ziwafunze vijana wao wakati wa kiangazi, katika maji mafupi na safi, kuvua kipumulio na kukirudisha, mara kwa mara, mpaka mikono ifanye pasi na kungoja fikra. Kwani kuwapa mitungi bila ya mazoezi hayo ni kuongeza idadi ya watu watakaohitaji kuokolewa.