Gemu mwisho wa reli: mimi, laptopu ya mtumba na mbalamwezi ya Katonga

Wakubwa, leo tuache kidogo habari za nani kamwacha nani. Leo naongelea mashine. Ndiyo, laptopu ya gemu, tena hapa hapa Katonga mwaloni, upande wa Bangwe, ambako ukitaja kitu cha bei mbaya watu wanafikiria injini ya mtumbwi. Washikaji wa Dar wakinisikia wanacheka mpaka wanakaa chini. Wanadhani huku mwisho wa reli tunacheza bao tu. (Bao tunacheza sana, na hamtuwezi.)

Yangu niliinunua Kariakoo Januari 2024, mtumba wa kutoka Dubai, shilingi 1,200,000 baada ya kuvutana nusu saa. Jina la kampuni naliweka mfukoni, sijalipwa kuitangaza. Ndani ina Core i5 ya kizazi cha tisa, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GTX 1650 yenye GB 4 zake yenyewe. Kadi hiyo NVIDIA waliitoa mwaka 2019, kwa hiyo kwa vijana wa Ulaya ni bibi kizee. Kwangu mimi ni mwali. GTA V, ambayo kwenye kompyuta ilifika mwaka 2015, inaiendesha bila jasho. Mpira wa eFootball ndiyo usiseme. Gemu mpya kabisa zenye madoido kibao, hapo unapunguza mapambo au unasahau.

Siku ya kununua ilikuwa sinema. Mashine ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na kibodi inayowaka taa nyekundu kama disko, na muuzaji anaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni ya gemu. Nikamwambia kaka, hebu niiguse kidogo. Nikafungua Task Manager, upande wa Performance. GPU moja tu, ile ndogo ya Intel inayokaa na prosesa. Kwa mashine za namna hii unatakiwa uone mbili, hiyo ndogo na kadi yenyewe. Jamaa akakohoa, akaanza kunisifia viatu.

Kwa hiyo msomaji ukienda kutafuta, majina utakayosikia ni Acer Nitro 5, Lenovo IdeaPad Gaming 3, HP Pavilion Gaming, Dell G3, ASUS TUF. Zote ni za walalahoi wenye kujipenda. Lakini jina la juu halikusaidii kitu, maana jina moja linatoka na kadi tofauti tofauti. Angalia kadi. Halafu geuza chaja usome wati zake. Mashine hizi nyingi zinataka wati 120 na zaidi, na kuna wajanja wanakufungia chaja ya wati 65 ya laptopu ya ofisini. Itawaka vizuri, itachaji vizuri, ila ukiingia kwenye gemu inatembea kama kobe na hujui umerogwa na nani.

Ikapakatwa kwenye basi kama mtoto mchanga, kilomita zaidi ya 1,200 mpaka Kigoma. Stanley mwaka 1871 alihangaika kwa miezi kadhaa kutoka pwani mpaka Ujiji, na hakuwa na kadi ya picha.

Adui wa kwanza wa laptopu ya gemu huku kwetu ni joto, wa pili vumbi, na Katonga tuna la ziada: vumbi la dagaa. Dagaa wakianikwa, upepo wa ziwa unaokota kila kitu unakileta ndani, na feni inavuta. Baada ya miezi miwili mashine ilikuwa inagonga nyuzi 95 na kupiga kelele kama jenereta. Nikaifungua mwenyewe kwa bisibisi, nikasafisha feni kwa brashi ya rangi, nikabadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikainua sehemu ya nyuma kwa vizibo viwili vya soda. Joto likashuka mpaka 80. Baadaye nikaongeza RAM ya pili ya GB 8, na hapo ndipo niliona tofauti kubwa kuliko fedha niliyotoa. Ikiwa una hela ya kitu kimoja tu, anza na hicho.

Sasa tuje kwenye mkwanja, maana sikununua mdoli. Jioni naunganisha mashine na runinga ya inchi 32, pedi mbili, mechi shilingi 300, mshindi anabaki. Biashara yangu inafuata mwezi. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, giza likiwa totoro dagaa wanaifuata taa, lakini mbalamwezi ikiwaka taa haina maana na vipe vinapumzika. Siku hizo mwalo mzima una vijana wenye hela kidogo na usingizi hamna. Umeme ukikatika? Siku hizi tuko kwenye gridi ya taifa tangu Oktoba 2022, yale majenereta ya mafuta yakazimwa, ila kukatika kupo. Na betri ya laptopu ya gemu ikicheza peke yake haimalizi saa moja.

Dawa ilikuwa nyumbani. Mjomba wangu ana kipe, taa zake zinatumia betri za volti 12. Mbalamwezi ikiwaka betri zinalala. Betri ya Ah 100 ukiitumia nusu tu, usiiue, inabakia kama wati-saa 600. Laptopu na runinga zinakula wati 170 hivi, inveta nayo inakula chake, unapata saa tatu. Saa tatu ni mechi kumi na tano, kumi na sita.

Halafu likaja la 2024. Serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Wengine walidhani mimi nitatajirika, mwalo mzima uko likizo. Wapi! Watazamaji walijaa mpaka dirishani, wa kulipa wanne. Mvuvi asiyevua hana 300. Mama naye anaishi kwa kuanika dagaa, naye akakaa. Nyumba yetu miezi ile ilikula kwa mashine hii hii, lakini si kwa gemu. Kadi ya picha ikahamia kwenye video za harusi na vipaimara. Kazi ambayo laptopu ya kawaida ingekesha nayo, hii inamaliza mimi nikiwa bado nakula ugali wa muhogo.

Ziwa lilipokaribia kufunguliwa mjomba akaja. Nyavu zake zilikuwa zimechakaa na mfukoni hamna kitu. Akakaa kwenye mkeka, akakataa chai.

"Mpwa wangu, hicho kisanduku kiuze. Tukipata dagaa wiki mbili utanunua kingine kikubwa."

"Mjomba, kisanduku hiki ndicho kimetulisha."

"Na ziwa lililokulea je?"

Hapo mama akanyanyuka, akaenda nje kugeuza kuni ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Sikuuza. Nilimpa shilingi 300,000, akiba yangu yote ya harusi tano, na nyingine alizipata kwa mwenzake waliyeingia ubia. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na wiki mbili nzima shikamoo yangu alikuwa anaiitikia akiangalia pembeni. Niliumia, nisiwadanganye. Mbalamwezi ya Septemba akaleta betri mwenyewe, kaweka mlangoni, kaondoka bila neno. Tangu hapo namlipa 5,000 kwa usiku, na anazihesabu.

Mashine bado inadunda. Oktoba 2025 Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 nilikuwa nimeshahamia 11, kizazi cha tisa kinakubaliwa. Iliyochoka ni betri ya ndani, sasa inakaa dakika kumi. Fundi mmoja wa Mwanga kasema mpya inaagizwa Dar, nimemtangulizia nusu. Mbalamwezi inaanza wiki ijayo, na mjomba ameshauliza kama nitazihitaji zote mbili.